Kukubaliana Mambo Yasiyobishaniwa Kabla ya Kesi ya Hataza Nchini Marekani: Mwongozo Kamili

Kesi ya hataza (haki ya pekee ya kisheria anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) katika mahakama ya wilaya ya shirikisho nchini Marekani kwa kawaida huendeshwa kwa saa zilizohesabiwa. Majaji wengi huupa kila upande idadi maalumu ya saa za kutoa ushahidi wake na kuwahoji mashahidi wa upande wa pili, na saa hizo zikiisha zimekwisha. Wakili anayetumia nusu saa kuthibitisha kwamba hataza ilitolewa siku fulani na kwamba mteja wake ndiye mmiliki, mambo ambayo hakuna anayeyabisha, ameikata nusu saa hiyo kutoka kwenye hoja itakayoamua kesi. Ndiyo maana wadaawa huandaa mapema hati ya mambo yaliyokubaliwa, ambayo juri (wananchi wanaoamua mambo ya ukweli katika kesi) husomewa na kuelekezwa iyachukue kuwa yamethibitishwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanasheria kijana, msaidizi wa ofisi ya mawakili, mhandisi au mvumbuzi ambaye kampuni yake imeingia katika kesi ya namna hiyo na ametakiwa kusaidia kuandaa hati hiyo. Msomaji aliyezoea mahakama za Tanzania atakumbuka usikilizwaji wa awali katika kesi za jinai, ambapo mambo yasiyobishaniwa huorodheshwa na kutiwa saini. Lengo linafanana, lakini katika kesi ya hataza hatari haiko sana katika kukubali, bali katika maneno yanayotumika kukubali.

Uzito wa hati hii kisheria

Kwa mujibu wa Kanuni ya 16 ya Kanuni za Shirikisho za Mwenendo wa Mashauri ya Madai, jaji hutoa amri ya mwisho baada ya kikao cha mwisho cha maandalizi, na amri hiyo inaweza kubadilishwa tu ili kuzuia udhalimu ulio wazi. Mambo yaliyokubaliwa huingizwa ndani ya amri hiyo. Kanuni za ndani za mahakama ya wilaya ya Delaware, ambako kesi nyingi za hataza hufunguliwa, zinataka kabisa kuwepo maelezo ya mambo yaliyokubaliwa na yasiyohitaji kuthibitishwa. Kwa hiyo mtu asifikiri kwamba ataweza kujitoa baadaye kwa kusema hakuona mbali. Mwaka 2010, katika kesi ya Christian Legal Society v. Martinez, ambayo haikuhusu hataza hata kidogo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kumsikiliza mdaawa aliyejaribu kujenga hoja iliyopingana na mambo ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyakubali kwa maandishi.

Yapo hata hivyo mambo ambayo wadaawa hawawezi kuyamaliza wao wenyewe. Hawawezi kuipa mahakama mamlaka isiyokuwa nayo, na tangu uamuzi wa Swift & Co. v. Hocking Valley Railway wa mwaka 1917 inajulikana kwamba makubaliano yao kuhusu hoja ya sheria hayaifungi mahakama. Katika hataza jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu maana ya maneno ya madai ya hataza (aya zenye namba ndani ya hataza zinazoeleza mipaka ya uvumbuzi unaolindwa) huamuliwa na jaji, kama ilivyothibitishwa katika Markman v. Westview mwaka 1996, na swali la mwisho la kama uvumbuzi ulikuwa dhahiri, yaani kama mtu mwenye ujuzi wa kawaida angeufikia kwa urahisi, ni la kisheria ingawa limejengwa juu ya mambo ya ukweli. Unachoweza kukubali ni yale mambo ya ukweli yaliyo chini yake: ni nyaraka gani zilikuwepo, zilisema nini, zilichapishwa lini, na mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hiyo alikuwa na elimu gani.

Hatua ya kwanza: kusanya yaliyokwisha kukubaliwa

Usianze kwa kuandika. Anza kwa kusoma. Chukua hati ya madai na majibu yake na uyaweke sambamba, aya kwa aya. Chini ya Kanuni ya 8, dai lililohitaji kujibiwa na halikukanushwa huhesabiwa kuwa limekubaliwa, isipokuwa kiasi cha fidia. Kisha pitia majibu ya maswali ya maandishi, ushahidi uliochukuliwa kwa kiapo kabla ya kesi, na majibu ya maombi ya kukiri yaliyotolewa chini ya Kanuni ya 36. Kumbuka kwamba ombi la kukiri lisilojibiwa ndani ya siku 30 linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Ofisi zenye mafaili mengi husahau majibu yaliyotolewa miaka miwili kabla, zikaja kubishania jambo ambalo mteja wao alilikiri zamani.

Kila jambo unaloliokota liandikie chanzo chake: hati gani, ukurasa gani, mstari gani. Sentensi isiyo na chanzo isiingie katika rasimu ya kwanza. Ukifanya hivyo, mazungumzo na upande wa pili yatakuwa ya kutazama karatasi badala ya kubishana.

Hatua ya pili: panga kila jambo chini ya swali linalolihudumia

Andaa jedwali la safu tatu: jambo lenyewe, swali la kesi linaloguswa nalo, na upande wenye mzigo wa kuthibitisha. Safu hii ya tatu ndiyo inayoonyesha bei ya kila kukubali. Mwenye hataza anatakiwa kuthibitisha ukiukaji wa hataza yake kwa kiwango cha kawaida cha mashauri ya madai, yaani kwamba uwezekano wa kuwa ulitokea ni mkubwa kuliko wa kuwa haukutokea. Mdaiwa anayedai kwamba hataza si halali anabeba mzigo mzito zaidi: ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, kama Mahakama ya Juu ilivyosisitiza katika Microsoft v. i4i mwaka 2011.

Tuseme mdaiwa anategemea katalogi ya zamani ya kiwanda na anakuomba wewe, mwenye hataza, ukubali kwamba ilichapishwa na kusambazwa kwa umma kabla ya tarehe ya maombi yako. Sentensi hiyo inaonekana ndogo. Lakini kuthibitisha kwamba katalogi iliwafikia watu, na lini, mara nyingi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa mdaiwa: atahitaji shahidi aliyefanya kazi kiwandani wakati huo, au kumbukumbu za maktaba, au nakala za tovuti zilizohifadhiwa. Ukikubali bure, umemtua mzigo mzito aliokuwa anaubeba peke yake. Huenda bado ni busara kukubali, hasa ikiwa shahidi wake yupo na anaaminika, kwa maana juri haipendi kumwona wakili akimbana mzee mkweli kuhusu tarehe ya katalogi. Ila ukubali ukijua unachotoa, na upate kitu cha kulingana nacho.

Hatua ya tatu: andika tukio, usiandike hitimisho

Hapa ndipo hati nyingi huharibika, na ndipo inapofaa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hataza inahusu pampu ya umwagiliaji, na dai la 1 linataka, pamoja na mengine, “valvu ya njia moja iliyounganishwa moja kwa moja na mdomo wa kutolea maji.” Pampu ya mdaiwa, Modeli B, ina kipande cha mpira kinachozuia maji kurudi, lakini kati yake na mdomo kuna bomba fupi. Ubishi wote uko katika maneno “moja kwa moja.” Mdai analeta rasimu hii:

“Pampu ya Modeli B ina valvu ya njia moja iliyounganishwa na mdomo wa kutolea maji.”

Maneno yanayobishaniwa yameachwa nje, kwa hiyo wakili mchovu wa upande wa mdaiwa anaweza kuona hapana neno. Lakini sentensi hiyo imekubali tayari kwamba kipande cha mpira ni “valvu ya njia moja” kwa maana ya dai, na kwamba “kimeunganishwa” na mdomo. Kilichobaki mbele ya juri ni maneno matatu tu, na mdai atasema bomba la inchi mbili haliondoi umoja wa vitu vilivyokwisha kukubaliwa kuwa vimeunganishwa. Rasimu iliyo salama kwa pande zote ni kama ifuatayo:

“Pampu ya Modeli B ina kipande cha mpira kinachoonyeshwa kwa namba 14 katika Kielelezo cha 22. Kipande hicho kimo ndani ya bomba lenye urefu wa inchi 2, na ncha moja ya bomba hilo imefungwa kwa skrubu kwenye mdomo wa kutolea maji. Kipande hufunguka maji yanapotoka na hujifunga pampu inapozimwa.”

Hapa hakuna neno la dai lililotumika kuieleza sehemu inayobishaniwa. Mtaalamu wa mdai bado yuko huru kusema kwamba hiyo ni valvu ya njia moja iliyounganishwa moja kwa moja, na mtaalamu wa mdaiwa yuko huru kukana. Juri nayo imepata picha ya kitu chenyewe kabla ya mabishano kuanza.

Iwapo mdaiwa kweli hataki kubishania kipengele fulani, na mara nyingi ni hekima asibishe vipengele vyote ili aaminike katika kile kimoja anachokishikilia, basi akubali waziwazi: “Kwa kufuata tafsiri ya mahakama iliyotolewa katika amri yake, na bila kuathiri haki ya mdaiwa kukata rufaa dhidi ya tafsiri hiyo, mdaiwa habishi kwamba Modeli B ina kipengele cha (c) cha dai la 1.” Sehemu ya kati ya sentensi hiyo isiachwe kamwe. Tafsiri ya madai ikibadilishwa katika rufaa, kukubali kulikojengwa juu ya tafsiri ya zamani kunapaswa kuanguka pamoja nayo, na hilo halijitokezi lenyewe lisipoandikwa.

Ziogope pia sifa na vielezi. “Alinakili,” “alijua,” “kwa kiasi kikubwa,” “muhimu,” “hadharani”: kila moja ya maneno haya limebeba hukumu ndani yake. Badala ya kukubali kwamba mdaiwa alijua kuhusu hataza, kubali kwamba barua yenye namba ya hataza ilipokelewa ofisini kwake siku fulani na kusainiwa na mtu wa idara fulani. Tangu uamuzi wa Halo v. Pulse wa mwaka 2016, nia ya mdaiwa wakati wa kutenda ina nafasi kubwa katika swali la kuongeza fidia, na neno “alijua” pekee linaweza kumgharimu hadi mara tatu ya fidia ya awali.

Hatua ya nne: chunguza tarehe moja moja

Tarehe huonekana kuwa jambo lisilo na ubishi, na ndiyo sababu huwatega watu. Chukua sentensi “Mdaiwa alianza kuuza Modeli B mwezi Machi 2019.” Tarehe hiyo inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, inagusa mwanzo wa fidia, pamoja na ukomo wa miaka 6 kurudi nyuma kuanzia siku kesi ilipofunguliwa. Pili, ikiwa hataza ilikuwa imekwisha kutolewa, ndiyo siku ya yale mazungumzo ya kufikirika kati ya mwenye hataza na mdaiwa ambayo wataalamu wa uchumi huyatumia kukadiria mrabaha (malipo ya kuruhusiwa kutumia uvumbuzi), kwa njia iliyopata umaarufu kutokana na kesi ya Georgia-Pacific ya mwaka 1970. Bei za soko na bidhaa mbadala zilizokuwepo Machi 2019 huenda ni tofauti sana na za mwaka uliofuata.

Kazi ya tatu hujificha zaidi. Ikiwa mauzo yalitangulia tarehe ya maombi ya hataza, bidhaa inayolalamikiwa inaweza yenyewe kuiua hataza, kwa maana kanuni ya tangu mwaka 1889, katika kesi ya Peters v. Active, ni kwamba kitu ambacho kingekuwa ukiukaji kikija baadaye, huondoa upya wa uvumbuzi kikiwa kimetangulia. Mdai anayekubali tarehe ya mapema ili aongeze kipindi cha fidia ahakikishe kwanza kwamba hajajichimbia kisima. Aangalie pia ni sheria ipi inatawala: madai yenye tarehe ya maombi ya 16 Machi 2013 au baadaye yako chini ya utaratibu mpya wa anayewasilisha kwanza, na yale ya kabla yake yana hesabu nyingine. Vilevile sentensi ile haikusema mauzo yalifanyika wapi, ilhali ukiukaji wa moja kwa moja unahitaji kitendo ndani ya Marekani. Rasimu bora ingesema: “Mauzo ya kwanza ya Modeli B kwa mteja aliyeko Marekani yalifanyika si baada ya tarehe 4 Machi 2019, kwa ankara iliyo Kielelezo cha 31.”

Namba ya hataza, siku ya kutolewa na majina ya wavumbuzi ni rahisi. Kubali na uendelee. Umiliki ukague hadi mwisho wa mnyororo wa uhamisho.

Hatua ya tano: bidhaa wakilishi na hesabu za mauzo

Ikiwa modeli zinazolalamikiwa ni nyingi, kukubaliana kwamba moja inawakilisha nyingine huokoa muda kuliko makubaliano mengine yote. Bila makubaliano hayo mwenye hataza hawezi kudhani tu kwamba zinafanana: katika L&W v. Shertech ya mwaka 2006, Mahakama ya Rufaa ya Federal Circuit, inayosikiliza rufaa za kesi za hataza, ilikataa dhana ya namna hiyo. Taja modeli zote kwa majina na namba, kisha taja kwamba uwakilishi ni kwa vipengele vipi. Modeli B inaweza kuiwakilisha Modeli D kwa habari ya mfumo wa maji na isiiwakilishe kwa habari ya mfumo wa umeme.

Kuhusu hesabu, kubalini idadi ya vipande na mapato kwa kila robo ya mwaka, mkiacha wazi swali la sehemu gani ya mapato inatokana na uvumbuzi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni la pande zote mbili: wataalamu wawili wakija na jumla tofauti kwa sababu mmoja amehesabu bidhaa zilizorudishwa na mwingine hakuzihesabu, juri itapoteza imani kwa wote. Mwenye hataza anayeuza bidhaa zake mwenyewe afikirie pia suala la kuweka alama ya hataza juu ya bidhaa. Kwa mujibu wa uamuzi wa Arctic Cat v. Bombardier wa mwaka 2017, mdaiwa akishataja bidhaa anazodai hazikuwekwa alama, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mwenye hataza, kwa hiyo makubaliano kwamba alama zilianza kuwekwa siku fulani ni ya thamani kwake.

Hatua ya sita: vielelezo na tafsiri

Tofautisha uhalisi wa hati na kupokelewa kwake kama ushahidi. Kukubali kwamba barua pepe ni ya kweli na ilitoka kwenye kompyuta za kampuni si kukubali kwamba juri inaruhusiwa kuiona. Kanuni ya 26 inataka orodha za mashahidi na vielelezo angalau siku 30 kabla ya kesi, na pingamizi ndani ya siku 14 baada ya hapo, mahakama isipoelekeza vingine. Pingamizi nyingi zisizotolewa kwa wakati hupotea. Nyaraka zikiwa za lugha nyingine, kama hataza za zamani za Japani au Ujerumani, kubalianeni tafsiri moja iliyothibitishwa. Neno likibishaniwa, acheni hilo neno moja kwa mashahidi na mkubali mengine yote.

Hatua ya saba: vifungu vya athari

Mwanzoni mwa hati wekeni aya chache zinazoeleza nguvu yake. Semeni kwamba makubaliano ni kwa ajili ya kesi hii pekee. Kukiri chini ya Kanuni ya 36 kuna kinga hiyo ndani ya kanuni yenyewe, lakini makubaliano ya kawaida hayana budi kuiandika. Semeni iwapo yatatumika kesi ikirudishwa kusikilizwa upya. Semeni kwamba kukubali jambo si kukubali kwamba lina umuhimu.

Kifungu kinachosahaulika zaidi kinahusu ushahidi wa ziada. Jambo likishakubaliwa, jaji anaweza kuuona ushahidi juu yake kuwa marudio yasiyo na haja na kuuzuia chini ya Kanuni ya 403 ya Kanuni za Ushahidi. Mdai ambaye nguvu yake iko katika simulizi ya wahandisi wa mdaiwa kuifungua pampu yake mezani, sehemu baada ya sehemu, asikubali simulizi hiyo ikunjwe kuwa mstari mmoja mkavu bila kifungu kinachomruhusu kuleta shahidi. Kwa maoni yangu, mambo ya namna hiyo mara nyingi ni bora yasikubaliwe kabisa.

Hatua ya nane: mazungumzo yenyewe

Peleka rasimu mapema, baada ya tafsiri ya madai na ripoti za wataalamu kukamilika, na usingoje wiki ya mwisho ambapo kila mtu amechoka na hukataa kwa mazoea. Anza na mambo yanayouumiza upande wako lakini yatakayothibitishwa hata hivyo. Ukiyatoa mwenyewe, upande wa pili huona aibu kubishania tarehe ya hataza. Kubalianeni kwa maandishi kwamba rasimu na barua za mazungumzo hazitatumika kama ushahidi. Jambo likikataliwa, omba sababu na chanzo chake, kisha jaribu kuliandika upya kwa maneno membamba zaidi kabla ya kulifuta.

Anayekataa kila kitu ana hatari yake. Ikiwa jambo liliombwa likiriwe chini ya Kanuni ya 36, akakataa, nawe ukalithibitisha baadaye, Kanuni ya 37 inakuruhusu kuomba alipe gharama za kulithibitisha, ada za mawakili zikiwemo, isipokuwa awe alikuwa na sababu za kuridhisha. Silaha hiyo inahitaji ombi lililotolewa ndani ya muda uliopangwa na mahakama, kwa hiyo iandae miezi kadhaa kabla.

Kabla ya kusaini, mpe rasimu mhandisi na mhasibu wa mteja waisome, na kila shahidi mtaalamu aisome sambamba na ripoti yake. Sentensi inayopingana na ripoti ya mtaalamu wako itaonekana kwenye skrini atakapohojiwa.

Hatua ya tisa: kuifikisha hati mbele ya juri

Kuwemo katika amri ya jaji hakutoshi kuyafanya mambo hayo yawe yamesikika. Kubalianeni nani atayasoma, lini, na dakika hizo zitatozwa kwa nani. Mwenye mzigo wa kuthibitisha ahakikishe kwamba mambo yanayomhusu yamesomwa na kuingia katika kumbukumbu za mahakama kabla hajatangaza kwamba amefunga ushahidi wake, kwa maana ombi la mdaiwa la kutaka hukumu kwa kukosekana ushahidi hufuata papo hapo. Yapewe namba, yawe na sentensi fupi, na yasiwe mengi kupita kiasi; hati ya mambo 120 ikisomwa mfululizo hulaza watu. Ni afadhali kuyagawa: ya hataza mwanzoni, ya bidhaa kabla ya mtaalamu wa ufundi, ya mauzo kabla ya mtaalamu wa fidia.

Wakati mwingine tafsiri ya madai humaliza kesi kabla ya juri, na wadaawa hukubaliana hukumu itolewe ili rufaa iende Federal Circuit. Hapo eleza ni tafsiri ya neno gani inayoondoa ukiukaji, kwa bidhaa ipi, na kwa sababu gani. Katika Jang v. Boston Scientific ya mwaka 2008, mahakama hiyo iliirudisha kesi chini kwa sababu hukumu ya makubaliano haikuonyesha namna tafsiri zilizobishaniwa zilivyohusiana na bidhaa zenyewe.

Na juri ikishatoa uamuzi kwa upande wa mdai, takwimu za mauzo zilizokubaliwa zitakuwa zimepitwa na wakati, kwa kuwa kwa kawaida huishia miezi kadhaa kabla ya kesi kusikilizwa. Wekeni tangu mwanzo kifungu kinachomtaka mdaiwa atoe takwimu mpya hadi siku ya hukumu, kwa muundo uleule wa robo za mwaka, ndani ya muda mliokubaliana.